Leokadia na Kidirisha cha Bibi Yake

Wanaokuja kuniuliza habari za Leokadia Pietrusik huanza na mabomu. Aliyarusha mangapi, wapi, kamanda wake alikuwa nani. Huwaambia waende makaburini wakasome jiwe lake, maana watu wa chama chake wameandika mengi pale, tena kwa rangi ya dhahabu. Mimi nilikuwa jirani yake tu. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba hata akipiga chafya kwake, mimi kwangu namtakia afya. Na ninachokijua mimi hakimo kwenye jiwe. Ni habari ya kidirisha, na ya bibi yake aliyekufa akakaa ndani ya chumba mwaka mzima.

Usicheke. Au cheka tu, sasa hivi ni mchana.

Bibi yake, Pelagia, alikuwa muosha maiti wa mtaa wetu wa Wola. Mtu akikata roho, kabla ya padri na kabla ya fundi jeneza, aliitwa yeye. Alikuja na beseni lake na taulo lake, akamwosha marehemu, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akamvika. Akasimamisha saa ya ukutani. Akafunika kioo cha kujitazamia kwa shuka. Kisha akafungua dirisha ili roho ipate njia. Jeneza likishatoka, alivipindua vile viti lilivyokuwa limewekwa juu yake, miguu juu, ili aliyeondoka asije akarudi akakuta pa kukaa. Haya yote aliyafanya bila haraka na bila machozi, kama mtu anayekunja nguo zilizokauka.

Chumbani kwake mwenyewe, ghorofa ya tatu, kidirisha kidogo cha juu ya dirisha kilikuwa wazi masika na kiangazi, na hata baridi ile inayogandisha maji kwenye ndoo.

"Wananifuata," alisema. "Nikishamwosha mtu, mara nyingine ananifuata hadi nyumbani. Maskini, hajui aende wapi. Sasa akiingia, si lazima apate pa kutokea?"

Tulimcheka. Tulimcheka mchana. Jioni tukishuka chini ya jumba kuchota makaa ya mawe, hakuna aliyecheka, na kila mmoja alitaka mwenzake atangulie.

Leokadia, ambaye sote tulimwita Lodzia, alilelewa katika chumba hicho. Mama yake alikufa akimzaa. Baba yake alikuwa mfua chuma na mkomunisti, wakati ambapo chama chake kilikuwa marufuku hata kutajwa. Serikali ya wakati huo, kabla ya vita, ilimtia ndani, na ilipomtoa mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Bibi Pelagia alimwosha mwanawe kwa mikono yake. Nilikuwepo, nilishika taulo. Lodzia, mtoto mdogo bado, alisimama pembeni akitazama bibi yake akifungua dirisha lote.

"Bibi," akauliza, "si baba alisema hakuna roho? Sasa hapo kinatoka nini?"

"Kinatoka kile alichokuwa hakiamini," bibi akamjibu. "Sogea, unaziba njia."

Basi mtoto alikua hivyo, sikio moja kwa baba, sikio moja kwa bibi. Akarithi ubishi wa baba na ukavu wa macho wa bibi. Alipokuwa msichana aliingia kiwanda cha ngozi, akarudi kila jioni mikono imekuwa ya kahawia, ananuka magome ya miti na mbwa aliyelowa. Huko ndiko alikokutana na Hilary Dudek, kijana mrefu mwenye masikio kama mishikio ya sufuria. Hilary alikuwa mcheshi, na Lodzia hakuwa mcheshi hata kidogo. Kwa hiyo walipendana.

Vita vilipokuja, na Wajerumani wakatukalia shingoni, chama cha baba yake kilifufuka gizani kwa jina jingine, na hao wawili wakaingia. Mimi sikukipenda chama hicho na mpaka leo sikipendi. Katika ua wetu, watu wenye siri walikuwa wengi kuliko wenye viatu, lakini wengi walikuwa watu wa ile serikali yetu iliyokimbilia London. Hao walimwita Lodzia mtumwa wa Moscow. Walimsalimu kwa mdomo wa pembeni. Mume wangu alikuwa mateka Ujerumani, nami nilikuwa na hasira na kila mtu, kwa hiyo na yeye nilimpa sehemu yake.

"Hivi Lodzia," nilimwuliza siku moja tukimenya viazi kwangu, "mkishinda ninyi, mtatufungia makanisa?"

"Dada Zenia, sisi tutafungua shule. Makanisa mtayafunga wenyewe kwa kulala wakati wa mahubiri."

"Mdomo huo utakuponza."

"Ukiniponza nina miguu."

"Na ganda la kiazi likate jembamba! Unamenyea nguruwe?"

Tulikuwa hivyo. Tukitukanana, lakini sufuria moja.

Sasa, kidirisha. Mtaa mzima uliujua ule mzaha wa bibi, kwamba kidirisha chake hakifungwi. Askari hata wangepita chini mara mia wasingeona neno. Lodzia akaona hicho ndicho. Akawaambia wenzake: kidirisha kikiwa wazi, pandeni, ni salama. Siku mtakapokiona kimefungwa, piteni kama hampajui hapa. Lakini alikuwa na adabu ya nyumbani. Hakulifanya bila kumwomba mwenye dirisha. Bibi Pelagia alimsikiliza hadi mwisho, akaendelea kushona soksi.

"Nakuazima," alisema. "Waje hao vijana wako, hata hao ni watu. Ila siku yangu mimi ikifika, Lodzia, unifungulie. Nimewafungulia wote. Nisije nikakosa mimi."

"Nitakufungulia, bibi."

"Apa."

"Mimi siapi, bibi, unajua. Nimesema nitakufungulia."

"Basi neno lako linatosha."

Mazungumzo hayo Lodzia alinisimulia baadaye. Wakati ule mimi nilijua tu kwamba vijana wenye kofia wanapanda ngazi zetu, wakishuka mifuko imevimba, na mambo ya watu wengine mtu hujifanya hayaoni.

Ilikuwa majira ya baridi, mwaka wa nne wa vita. Bibi Pelagia alikuwa kitandani na kichomi, anapumua kama msumeno. Asubuhi nikasikia viatu vizito ngazini. Vikapita mlangoni kwangu, vikasimama kwa jirani. Wapo ambao wangetulia ndani. Mimi, akili zangu sijui zilikuwa wapi, nilingoja kidogo, nikasikia kimya, nikadhani wameshuka. Nikachukua bakuli la supu ya shayiri ya mgonjwa, nikagonga.

Mlango ulifunguliwa na mkono nisioujua.

"Karibu ndani, bibie," mtu akaniambia kwa lugha yetu, safi kabisa. Nikaingia. Mlango ukafungwa nyuma yangu.

Mtego wa namna hiyo sisi tuliuita chungu. Wanakaa ndani ya nyumba, kimya, na kila anayebisha hodi anaingizwa na hatoki. Walikuwa watatu: mkubwa wao mwenye miwani, askari mmoja mlangoni na bunduki, na mkalimani, mwanamume mnene wa makamo mwenye mafua. Waliambiwa kwamba mfanyakazi mrefu wa kiwanda cha ngozi huja katika chumba hiki. Walikuwa wanamngoja Hilary. Na Hilary kweli alikuwa aje alasiri ile, akitoka kazini, pamoja na wenzake wawili, kuchukua bastola mbili na vipeperushi. Vitu hivyo vilikuwa chini ya godoro la mgonjwa. Wajerumani walipekua kila kitu, wakapasua hata mto, ila kitanda kile hawakukisogelea. Kikohozi cha bibi kiliwatisha.

Na kidirisha kilikuwa kimefungwa. Mlango ulipogongwa kwa kitako cha bunduki, Lodzia alipanda kiti akakifunga kabla hajajibu. Walipoingia aliwaambia, "Mgonjwa anaumia na baridi." Basi. Kitu chote cha kuwaokoa vijana watatu kilikuwa hicho: kipande cha kioo kisichozidi sinia, kimefungwa.

Baada yangu aliingia Mama Gąska, mke wa msimamizi wa jumba, aliyekuja kuuliza habari ya ndoo. Tukawa wawili kwenye benchi. Jiko lilizimika na hawakuturuhusu kuliwasha. Chumba kikapoa hadi pumzi zetu zikaonekana, na sakitu, umande ulioganda, ikachora majani yake meupe juu ya kioo chote. Adhuhuri ilipopita, bibi akafumbua macho. Hakututazama sisi. Alitazama juu, kidirishani.

"Lodzia. Nani amefunga?"

"Mimi, bibi."

"Fungua, mwanangu. Ni leo."

"Kuna baridi, bibi."

"Baridi itanifanya nini mimi? Fungua."

Lodzia hakusogea. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda ameushika mkono wa bibi yake, na uso wake haukuonyesha chochote. Mama Gąska alianza kunong'ona, kisha akashindwa kunong'ona.

"We mtoto, una moyo au una tofali? Amewafungulia Wola nzima, leo yeye afe kama panya mtegoni?"

"Nyamaza, Mama Gąska."

"Sinyamazi! Zenia, mwambie!"

Nami nikamwambia. Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimwita msaliti wa damu yake, nikasema ndio ukomunisti wake huo, kumnyima kikongwe hewa. Alinitazama mara moja tu. Laiti ningejua kusoma macho yale, lakini maarifa ya kesho hayamsaidii mtu wa jana.

Bibi aliomba mara ya mwisho. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto anayeomba maji. Halafu macho yake yakatembea, taratibu, kutoka kidirishani hadi kwa askari mlangoni, hadi kwa yule wa miwani, yakarudi kwa mjukuu wake. Akakaa anamtazama. Hakuomba tena. Pumzi ikawa ndefu, ikawa ya nadra, na ile iliyotarajiwa kufuata haikufuata.

Macho yalibaki wazi. Lodzia aliyafumba kwa vidole, yakafumbuka. Akayafumba tena, yakafumbuka. Kwetu hilo lina maana mbaya, na Mama Gąska akaanza kulia kwa sauti.

Hapo mkalimani aliinuka. Alijifuta pua, akajipiga ishara ya msalaba, kidogo, chini ya koti, mkubwa wake asione.

"Kwetu pia tunafungua," alisema. "Mama yangu nilimfungulia mwenyewe." Akaenda dirishani, akanyoosha mkono kwenye kitasa cha kidirisha. Alikuwa na huruma, mtu yule. Mkono uliokuja kutuua ndio uliokuwa na huruma, na kama ungefika, vijana watatu wangepanda ngazi wakipiga miluzi.

"Usiguse!"

Hatukuwahi kumsikia Lodzia akipaza sauti namna ile. Hata mwenye miwani alishtuka.

"Kwa nini nisiguse?" mkalimani akauliza polepole, na huruma ikaanza kumtoka. "Mjukuu gani anakataa hili? Kuna nini na dirisha hili?"

 Lodzia alisimama mbele ya kidirisha, mgongo kwenye kioo.

"Asitoke," akasema. "Namtaka abaki. Sina baba, sina mama, sina mwingine. Akipita hapo mimi nabaki na nani? Na ninyi?" Akageukia kitanda, na alichokisema hakumwambia mkalimani, alimwambia yule mwenye macho wazi. "Bibi, unanisikia? Sikuruhusu. Kaa humu. Kaa."

 Mama Gąska aliacha kulia katikati ya kilio.

"Hujui unachosema, binti," mkalimani akanong'ona. "Aliyefungiwa hatulii."

"Asitulie."

Mkono wa mkalimani ulishuka. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akakaa. Tukakaa sote. Baridi ilikuwa kali, sakitu kwenye kioo nene kama ngozi ya kondoo. Ndipo nilipoona, na nilipomtazama mkalimani nikajua na yeye anaona. Kwenye kidirisha cha juu, juu kabisa ya kichwa cha Lodzia, sakitu ilikuwa inayeyuka. Duara. Ukubwa wa mdomo wa mtu. Ikayeyuka, ikaanza kuganda pembeni, ikayeyuka tena, kama vile mtu amesogea karibu kabisa na kioo na anapumua, ametulia, anangoja.

Sisi sote tulikuwa mbali na kidirisha kile, isipokuwa Lodzia, na yeye alikipa mgongo na kichwa chake hakikufika.

Kupitia duara lile niliona mtaa, na sijui niliuonaje, maana kutoka benchini huonekana anga tu. Nilimwona kijana mrefu anakuja juu ya theluji, masikio yamejitokeza chini ya kofia, na wengine wawili nyuma yake kwa mbali. Alisimama mkabala. Akainama kufunga kamba ya kiatu, akainua uso. Alitazama juu muda mrefu kidogo kuliko unavyotosha. Kisha akanyanyuka akaendelea na njia, na wale wawili wakamfuata bila kugeuka. Hilary aliniambia baadaye kwamba aliona kidirisha kimefungwa, na nyuma ya kioo kitu kama mdomo unaomwambia: nenda.

Mkalimani alimwendea mkubwa wake, akamwinamia sikioni. Neno moja nililielewa, maana lilibandikwa kila ukuta wa mji. Alimwambia kwamba kikongwe amekufa kwa homa ya chawa, ile inayoambukiza. Ilikuwa uongo, na alijua kwamba ni uongo. Mwenye miwani alirukia mlango kama aliyeona nyoka. Lodzia walimpiga kitako cha bunduki kifuani wakipita, kwa ajili ya kuaga tu, na wakaondoka. Mkalimani alitoka wa mwisho. Hakukipa kidirisha mgongo, alitoka kinyumenyume.

Walipokwisha kushuka nilimrukia Lodzia. "Sasa fungua! Wameondoka!"

"Sifungui. Wenzangu wapo mtaani bado, na hao wanaweza kurudi." Ndipo akaniambia maana ya kidirisha. Nilikaa chini sakafuni.

Tulimzika kwenye makaburi ya Wola. Jeneza tulilipiga mara tatu kwenye kizingiti ili aage nyumba. Viti nilivipindua mwenyewe. Lakini chumba kilikuwa kimeungua, ndivyo walivyosema wenzake Lodzia, maana yake adui anakijua na hakifai tena. Lodzia alihama mji akaenda kwa wapiganaji wa msituni, akaniachia ufunguo.

"Usikifungue kidirisha, dada Zenia. Hata kwa kusafisha. Mwenzetu mmoja tu akiona kiko wazi akapanda, na Wajerumani wapo ndani, damu yake iko juu yako."

"Na bibi yako?"

Alifunga begi lake. "Ningefanya vilevile tena," alisema. "Ndiyo maana hata msamaha siwezi kumwomba. Nitamwombaje msamaha kwa jambo ambalo nitalirudia?"

Kiangazi kilipita. Baridi iliporudi, watu wa ua walianza kuona. Chumba kitupu, jiko baridi, kioo chote cheupe, na kwenye kidirisha cha juu, duara. Kila asubuhi ya sakitu lilikuwepo. Mama Gąska alianza kupita upande wa pili wa ua na ndoo zake. Ofisi ya nyumba ilileta familia iliyobomolewa kwao, watu waliolala ngazini kwa majuma, wenye watoto. Hawakumaliza juma. Baba wa familia alinirudishia ufunguo kwa adabu.

"Ni chumba kizuri, mama," alisema. "Ila kuna mtu anapumua."

Mimi nami nilikuwa namsikia, upande wangu wa ukuta. Si kila siku. Sikuogopa kama mnavyodhani. Niliona huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko hofu. Mwanamke aliyewapa wengine njia maisha yake yote, amesimama kwenye kioo, anangoja mjukuu wake amruhusu. Niligonga ukuta mara nyingine, nikasema, "Vumilia, Bibi Pelagia. Atakuja."

Hilary, aliyekwenda msituni naye, alirudi mjini kabla yake. Hakupanda, hapana, alijua amri. Lakini yeye na Lodzia walikuwa wamepatana kabla hawajatenganishwa vikosi: siku Lodzia atakaporudi na akaona ni salama, atakifungua kidirisha, naye Hilary atapanda, na watakwenda kwa padri au kwa karani, hilo walikuwa hawajamaliza kubishana. Kila Jumapili mchana, baada ya misa ambayo hakuwa ameingia, nilimwona akipita upande wa pili wa mtaa. Anafunga kamba ya kiatu. Anatazama juu. Anakwenda zake.

"Utaimaliza kamba hiyo," nilimwambia siku nilipokutana naye kwenye foleni ya mkate.

"Kamba si kitu, dada. Nimechoka kusoma kioo. Lini kitafunguka?"

"Mwenye ruhusa hajaja."

Lodzia alirudi mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Jumapili, saa za chakula cha mchana. Nilisikia ufunguo wa akiba mlangoni kwa jirani, halafu kitu kizito kikishuka ukutani. Nilipoingia alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda cha bibi, koti limefungwa vifungo vyote. Walikuwa wamekwenda kung'oa reli karibu na mji. Risasi ilimpata tumboni. Alikuja kwa miguu, na sijui alikujaje.

"Nakimbilia daktari."

"Usinipotezee muda, dada Zenia. Nimewaona wa namna hii msituni. Keti."

Nilimpandisha kitandani. Alikuwa mwepesi. Niliwasha mshumaa uliobarikiwa, ule anaoshikishwa mtu anayekata roho, mali ya bibi, uliokuwa bado kwenye droo, nikauweka kwenye stuli.

"Mkononi simpi mtu mkaidi," nikasema, huku nalia.

"Mkononi sitaki. Pale panatosha." Alitazama juu. Duara lilikuwepo kwenye kioo, linayeyuka na kuganda, linayeyuka na kuganda, sasa kwa haraka. "Amenipokea," akasema. "Mwaka mzima amesimama?"

"Mwaka mzima."

"Kuna mtu chini? Askari?"

Nikachungulia. Mtaa ulikuwa mweupe na mtupu. "Hakuna."

"Mfungulie."

"Lodzia, wewe si huamini?"

"Mimi siamini," alisema. "Lakini yeye anaamini. Na nilimpa neno."

Nilipanda kiti. Kitasa kilikuwa kimeganda, nikakipiga na kiganja hadi kikalegea. Kidirisha kilifunguka kwa mlio. Upepo wa nje ulipaswa kuingia na kuulaza mwali wa mshumaa kuelekea ndani. Niliuona kwa macho yangu. Mwali ulilala kuelekea nje. Ulilala kabisa, ukakaa hivyo muda wa pumzi moja ndefu, ukasimama wima.

"Ameenda?" Lodzia aliuliza.

"Ameenda."

Alitabasamu, na nadhani ndiyo mara pekee niliyoliona tabasamu lake lote, na meno. Nilimshika mkono ule wa kahawia. Aliniambia nimenye viazi vizuri. Nilimwambia anyamaze. Akanyamaza.

Baadaye kidogo mwali ulilala tena kuelekea nje. Kinatoka kile alichokuwa hakiamini. Nilisogea, nisizibe njia.

Nilisimamisha saa. Nilifunika kioo cha kujitazamia kwa shuka. Nilimfumba macho, nayo yakakubali. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kumfunga kidevu niliposikia ngazi. Mtu alikuwa anapanda mbio, anaruka vidato, anapiga mluzi, na wakati huo tu ndipo nilipokumbuka ni Jumapili, na nikageuka kutazama kidirisha.

Mlango ulifunguka bila hodi. Hilary alikuwa na theluji mabegani, kofia mkononi, na chini ya kwapa samaki wawili wa chumvi kwenye gazeti. Alikuwa anahema na kucheka.

"Dada Zenia!" alisema. "Kiko wazi!"